Krismasi Mbili Nyumba Moja

Dada yangu Bernadeta alihama mara tisa hapa Dar es Salaam, na mimi nilihama naye mara zote tisa, kwa hiyo asije mtu kunisimulia habari za nyumba za kupanga. Temeke naijua choo kwa choo. Nitajie mtaa wowote wa Kinondoni, nami nitakwambia mwenye nyumba gani alitutoa na alitoa sababu gani. Ya kweli hawakuwa nayo hata mmoja, ila ufundi wa kutunga walikuwa nao wote.

Sie ni Wangoni wa Songea. Dada alikuja mjini na mumewe Kornelio, aliyekuwa dereva wa lori. Kornelio akafariki mwaka 1967, akamwachia mtoto wa kike wa mwaka na nusu, Yuliana, na cherehani ya mkono. Mimi nikaletwa kutoka nyumbani nimsaidie, na baadaye nikapata kazi kiwanda cha nguo. Mama mzazi wa Kornelio alikuja kumaliza matanga. Alipotukuta tumejibana watatu katika chumba ambacho mwenye nyumba, Bi Chausiku, alikuwa anatupigia kelele kila mtoto alipolia, alimfunga Yuliana mgongoni na kusema anarudi naye Songea.

"Mjini unakaa kwa watu," alimwambia dada. "Leo hapa, kesho pale, na mtoto si kigoda cha kubebwa huku na huku. Siku utakapokula Krismasi mbili katika nyumba moja, njoo nyumbani umchukue. Kabla ya hapo usinisumbue."

Dada alikubali. Aliona ni jambo jepesi, maana mtu akilipa kodi yake na kufagia uwanja, nani atamtoa? Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nami nikaona vivyo hivyo. Tulikuwa wajinga wawili wenye afya njema.

Bi Chausiku alitutoa mwezi wa kumi na moja. Hakusema tutoke. Alikuja na sahani ya visheti, akakaa kitandani petu, akatuambia binti wa dada yake amevunja ungo na lazima awekwe ndani, na chumba cha kumweka mwali ni hiki chetu kwa sababu hakina dirisha la barabarani. Tungefanyaje? Ungegombana na mwali? Tukala visheti, tukafunga virago. Miezi mitatu baadaye nilipita pale, nikamkuta mwali mwenyewe ana ndevu na anauza mkaa.

Nyumba ya pili ilikuwa Kinondoni, kwa bwana mmoja aliyeitwa Mwinshehe. Huyu alikuwa kiongozi wa tawi la chama, na tangu Azimio kutangazwa kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Yeye alikuwa na vyumba sita. Dawa aliyoipata ni kwamba wapangaji wote tuwe ndugu zake. Kodi ikaitwa mchango wa ukoo. Mle ndani mlikuwa na Mhaya mmoja, mke na mume Wapare, mzee wa Kigoma, na sie Wangoni wawili, wote wapwa wa Mzaramo mmoja. Wageni wakija tunatakiwa tuseme, "Shikamoo mjomba," kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Krismasi ya kwanza tuliila pale. Dada akaandika barua Songea: mama, moja tayari. Basi mwezi wa saba wakaja mabwana wawili na mafaili, wakamkuta dada anashona barazani. Wakamuuliza mwenye nyumba ni nani wake. Akajibu, mjomba. Wakamuuliza, mjomba kwa mama yupi? Dada yangu hajui kusema uongo, ni kilema alichozaliwa nacho. Alifikiri kidogo, akasema, "Kwa mama yake yeye."

Wiki ile ile Mwinshehe alituita. "Wapwa zangu," akasema, na uso wake umejaa huzuni ya ukoo mzima, "nyumba imetuzidi." Hesabu ya Krismasi ikarudi sifuri.

Sitawachosha kwa zilizofuata. Msasani, kwenye vibanda vya wavuvi, mwenyewe alisema tutoke siku nne tu abadilishe makuti, na siku ya tano tukamkuta mtu mwingine kalala chini ya makuti mapya. Mwananyamala nyumba iliuzwa sie tukiwa ndani, tukajua tulipoamka na kumkuta mnunuzi anapima ukuta kwa hatua. Mmoja alisema cherehani inamtia mke wake kichefuchefu cha mimba. Mwingine alisema ameota ndoto. Kote huko hakuna aliyetuambia tutoke. Wahenga walishasema, akufukuzaye hakwambii toka, na dada aliishika methali hiyo mpaka akawa anainusa hatari kwenye sahani ya visheti. Mwenye nyumba akitabasamu asubuhi, yeye anaanza kukunja mashuka.

Na kila Desemba alikuwa anaandika ukweli kwenda Songea. Mama, tumehama tena. Nilimwambia andika tu kwamba tupo pale pale, bibi kizee yule atajuaje, atapanda basi aje ahesabu? Akaniambia, "Magreti, sitaanza kumlea mwanangu kwa uongo." Nilikasirika nikalala bila kula. Mtoto alikuwa anatimiza miaka mitano, na picha tuliyokuwa nayo ni ya miwili.

Mwanzoni mwa mwaka 1972 tulipata chumba Temeke, kwa Mzee Marijani. Alikuwa Mzaramo wa makamo, mweusi, mfupi, fundi wa kutengeneza majiko ya mkaa, na ndiye balozi wa nyumba kumi. Mkewe ni Mwanabaraka. Hawakujaliwa mtoto. Siku ya kwanza dada alipomwamkia, mzee alimuuliza kwao wapi, naye akasema Songea, Mngoni.

"Mngoni!" Mzee Marijani aliruka kutoka kwenye mkeka. "Mwanabaraka, njoo uone! Mateka wangu amejileta mwenyewe, na kodi analipa!"

Dada hakupepesa jicho. "Babu yako alikimbia mkuki wa babu yangu mpaka akaingia baharini," alimjibu. "Ndiyo maana mpaka leo mnaitwa watu wa pwani."

Wazaramo na Wangoni ni watani, sababu zake wanazijua wazee. Ninachojua mimi ni kwamba kuanzia siku ile nyumba ile haikuwa na utulivu. Mzee alimchukulia dada kuku wake, akamla, akamletea manyoya kwenye bahasha. Dada akaanua kanzu yake ya Ijumaa, akaishona mikono kwa uzi, mzee akaenda msikitini anahangaika kama mtu aliyefungwa kamba. Akirudi mzee kutoka kazini ni matusi, akitoka ni matusi, na Mwanabaraka yuko katikati anacheka mpaka anashika mbavu. Sheria ya utani ni moja tu, kila mtu anaijua: hakasiriki mtu. Ukikasirika, au ukiuliza kama mwenzio anasema kweli, umeshindwa, na utachekwa mpaka kaburini.

Krismasi ya 1972 tuliila pale. Mwanabaraka alitupikia pilau, mzee akala nyingi kuliko sie wenye sikukuu. Dada akaandika barua. Mwaka uliofuata ukaenda mwezi kwa mwezi, na kila mwezi dada alikuwa ananenepa. Alishona magauni mawili ya mtoto wa miaka saba, akayaweka chini ya sanduku. Alikuwa hajamwambia mzee wala mkewe kwamba ana mtoto wa kumleta. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwenye nyumba akisikia neno mtoto anaanza kuota ndoto, heri amlete kwanza, waombe radhi baadaye.

Basi ikafika Desemba 1973. Mnakumbuka wakati ule redio ilikuwa haina wimbo mwingine, ni watu wahamie vijijini, vijiji vya ujamaa, kila mtu akalime. Jumamosi moja asubuhi Mzee Marijani alirudi kutoka mkutano wa tawi, makaratasi mkononi, na dada alikuwa anaanika nguo uani. Mzee akasimama wima, akakohoa kibalozi, akafungua karatasi.

"Ndugu Bernadeta, Mngoni, mateka. Amri imetoka. Wasio na kwao mjini waondoke. Nakupa siku tatu utoke katika nyumba hii, chumba chako nimempa mbuzi, maana yeye analipa kwa wakati na hakojoi kitandani."

Dada alicheka. Mwanabaraka aliniambia baadaye kwamba alicheka vizuri sana, mpaka akaegemea kamba ya nguo. Halafu akaingia ndani na kufunga mlango.

Niliporudi kutoka kazini saa tisa nilimkuta amekaa juu ya sanduku. Akanieleza. Nikamuuliza swali ambalo hata mtoto mchanga angeuliza: ni kweli au ni utani?

"Nitajuaje?"

"Si umuulize!"

"Nikimuuliza nimeshindwa."

"Dada, kuuliza si ujinga!"

"Kwa mtani ni ujinga. Na kama ni kweli je? Nimuulize anijibu mbele ya watu kwamba ni kweli? Yule ni balozi, Magreti. Alikuwa na karatasi." Akavuta shuka, akaanza kulikunja. "Bi Chausiku naye alikuja anacheka."

Nilitaka kwenda kumuuliza mimi. Akanishika mkono, akasema nikithubutu nisimwite dada tena. Nikakaa. Mpaka leo najilaumu kwa kukaa kule, na ninamlaumu yeye, na ninamlaumu mzee na makaratasi yake, sijui nianze na nani.

Siku ya pili alipata chumba Mwananyamala. Siku ya tatu akaleta mkokoteni. Nilidhani mzee atauona na mambo yatakwisha. Mzee aliuona, ndiyo. Alitoka nje, akautazama mkokoteni, akautazama uso wa dada ambao ulikuwa unacheka meno yote, akapasuka kicheko mpaka kofia ikamdondoka. Aliona mtani wake ameujibu utani kwa kitendo, tena kitendo kikubwa kuliko mambo yote ya kanzu na kuku. Angekubali kushindwa? Alijitwika godoro letu kichwani yeye mwenyewe, akalipeleka mkokotenini huku analipiga kama ngoma. Mwanabaraka alipiga vigelegele. Majirani wote wa nyumba kumi wakatoka.

"Nenda, mateka! Ukifika Songea nisalimie mabwana zako!"

"Wewe mwambie mbuzi asikulipe majani, watu wa pwani mnakula chochote!"

Tuliondoka hivyo, mtaa mzima unacheka. Dada alicheka mpaka kona ya pili. Baada ya kona alikaa chini barabarani, akaweka kichwa kwenye gurudumu, akalia, na mwenye mkokoteni akaniuliza kama tumefiwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika Krismasi.

Akaandika barua Songea. Mama, tumehama tena. Nilipeleka mwenyewe posta, na njiani nilisimama mara mbili niichane, sikuichana.

Mwananyamala tulikaa vyumba viwili tofauti ndani ya mwaka mmoja, visingizio vyake nimevisahau. Mapema mwaka 1975, wakati wa taabu ya sukari, nilikuwa nimesimama na dada kwenye foleni Kariakoo. Mbele yetu mwanamke akageuka, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa Mwanabaraka.

"Nyie!" alisema. "Nyie watu! Utani gani huu wa mwaka na zaidi?"

Dada akasema, "Utani gani?"

Wakatazamana. Foleni ikasogea, sie hatukusogea, watu wakatupita.

Ndipo Mwanabaraka alipotueleza. Siku ile mzee alingoja mpaka magharibi mkokoteni urudi. Haukurudi. Akasema, Mngoni ana kichwa kigumu, atarudi kesho. Kesho yake akasema keshokutwa. Chumba akakitia kufuli na funguo akazivaa shingoni. Watu walikuja kukiomba, akawafukuza. "Nilimwambia mwanamume huyu, nenda kawatafute, mwenye mkokoteni kasema wako Mwananyamala, si Ulaya. Akaniambia, nikimfuata nimeshindwa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa hacheki hata na paka. Kwenye daftari lake la ubalozi majina yenu hajayafuta, ukija mkutano anasema mko safari."

"Alisema siku tatu," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuwa na karatasi."

"Karatasi ya chanjo ya kuku, mwanangu!"

Hapo ndipo niliposema yote, mbele ya foleni, bila aibu. Nikamwambia Mwanabaraka kuna mtoto Songea, na kuna masharti, na mtoto angekuwa hapa sasa hivi anasoma darasa la pili kama watu wawili wazima wangekuwa na akili ya mtu mmoja. Mwanabaraka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia dada. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Una mtoto? Miaka miwili umekaa nyumbani kwangu, mimi nisiye na mtoto, hukuniambia?"

"Wenye nyumba hawataki watoto," dada akasema.

"Kwani mie uliniuliza?"

Tulirudi Temeke wiki ile ile bila sukari. Mzee Marijani alitufungulia kufuli kwa mikono yake, akasema mbuzi amehama kwa sababu chumba kinanuka Wangoni, halafu akageuka ukutani akajifanya anapangusa vumbi machoni.

Nilimwambia dada apande basi kesho yake akamchukue mtoto. Masharti ni masharti, akasema, nilikubali kwenye matanga ya mume wangu. Nikapiga kelele. Mzee akapiga kelele. Mwanabaraka akasema apelekewe bibi kizee barua ya balozi yenye mhuri. Dada akasema hapana, Krismasi mbili. Safari hii, alisema, hakuna wa kumtoa, basi atangoja haki yake bila kumwomba mtu. Sijaona kiburi kinachofanana na unyenyekevu kama cha dada yangu.

Tukala Krismasi ya 1975. Tukala ya 1976. Mzee akaenda kwa seremala na kitambaa chenye mafundo ya fedha, akarudi na kitanda kidogo, akakiweka chumbani kwetu. Mwanabaraka akafagia kile chumba mara tatu kwa siku, kana kwamba vumbi lingemkimbiza mtoto. Dada alikata gauni jipya kwa kipimo cha binti wa jirani mwenye miaka kumi na moja, akapanda basi la Songea katika mvua za Januari.

Alirudi baada ya siku tisa. Nilimpokea stendi. Aliteremka na kapu la maharage, nikangoja mlangoni mwa basi, akateremka mama mwenye mtoto mchanga, wakateremka askari wawili, utingo akafunga mlango.

Alijitwika kapu, tukaenda nyumbani. Mzee Marijani alikuwa amesimama kizingitini, amejiandaa tangu asubuhi, mdomo umejaa. "Yuko wapi mateka mdogo? Aje anisalimie, nimweleze babu yake alivyo..." Akaona tuko wawili. Akaufunga mdomo, akatupisha njia.

Dada alikaa barazani, kapu mapajani.

"Mama mkwe hakuvunja ahadi," alisema. "Nilikuta nguo za mtoto zimefungwa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekataa. Alishika nguzo ya mlango, akasema, mimi sihami, hapa ndipo kwetu. Ananiita shangazi. Bibi yake akamkemea, akaokota fimbo, nikamnyang'anya."

"Ungembeba!" nilisema. Nililia kwa hasira. "Ni mwanao! Miaka tisa, dada! Ungembeba kwa nguvu, angezoea!"

"Angezoea," alisema. "Mie nilizoea." Akaanza kuchambua maharage kwenye kapu, takataka moja moja akiitupa uani. "Nimetolewa nyumba za watu, Magreti, najua mtu anavyojisikia vitu vyake vikipelekwa nje. Alikuwa ananitazama kama mie nilivyomtazama Mwinshehe. Sikuweza kuwa mimi wa kumpa mwanangu siku tatu."

Mwanabaraka aliingia ndani. Tulimsikia akiuvuta mlango wa chumba kile taratibu, bila kufunga kufuli. Dada akauliza kama kuna maji ya kuoga, kwa sababu tope la njiani Makambako lilikuwa bado limemkaukia miguuni.